Nerve (2016): kwenye hii muvi adui ni yule anayeangalia

Ijumaa nilirudi kazini nimechoka hatari nikamkuta mpwa wangu sebuleni taa kazima zote, kachomeka flashi kwenye tv, kajikunja kwenye kochi na simu mkononi. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, likizo zote huwa anakuja kukaa kwangu hapa Tabata. Nikamuuliza unaangalia nini, akasema "anko kaa, ndo kwanza inaanza, ni watoto wa shule wanacheza gemu ya kwenye simu alafu inakuja kuwa balaa". Nikasema nikae dakika kumi tu alafu nikaoge. Nimekuja kuoga saa sita usiku, na mpaka leo hii muvi haijanitoka kichwani ndo maana naandika, kwasababu wengi wakiielezea wanasema ni muvi ya chalenji na mapenzi ya vijana basi, na mi naona kuna kitu kizito humo ndani watu wanakipita.

Inaitwa Nerve, yaani ule ujasiri wa kufanya kitu wakati roho inakwambia acha. Ilitoka Julai 2016, ina dakika 96 tu haichoshi. Imetokana na kitabu cha Jeanne Ryan cha mwaka 2012, na waongozaji ni wawili, Henry Joost na Ariel Schulman, hawa ndo waliotengeneza Catfish ya 2010, ile ya kijana anayependana na mtu mtandaoni alafu anakuja kukuta yule mtu sio yeye, mpaka leo ukisikia mtu anasema "nimepigwa catfish" neno limesambaa kupitia ile kazi yao. Kwaiyo ni watu wanaojua mtandao unavyomfanya mtu, sio wazee wanaoiogopa intaneti wakaamua kututisha. Unaona kabisa kwenye namna simu zinavyoonekana humu, meseji, komenti, majina ya watu, vyote vinaelea kwenye skrini kama vile wewe ndo uko ndani ya simu unachungulia nje.

Steringi ni msichana anaitwa Vee, anaigizwa na Emma Roberts. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anaishi Staten Island na mama yake ambaye ni nesi. Staten Island iko ndani ya jiji la New York lakini ni kisiwa, watu wanavuka na kivuko kwenda Manhattan, yaani kama wewe unaishi Kigamboni kila siku unaliona jiji ng'ambo lina taa lakini maisha yako yako huku. Kaka yake alifariki, mama tangu hapo hataki mtoto aliyebaki aende mbali, na Vee ana barua ya chuo cha sanaa California anaiogopa hata kumuonyesha mama. Mtoto mpole, anapiga picha za mechi za shule, anampenda kijana mmoja wa timu lakini hata kumsalimia hawezi. Rafiki yake Sydney ni kinyume chake kabisa, kelele nyingi, na yeye tayari anacheza hiyo gemu. Siku moja Sydney anaenda kumtongozea yule kijana mbele ya watu, kijana anamkataa Vee hadharani, Vee anaondoka na aibu yake mpaka chumbani, anafungua kompyuta usiku, anajiunga. Hapo mpwa wangu alisema kwa sauti ndogo "mi ningejiunga pia". Nikamuangalia, sikusema kitu, nikakaa vizuri zaidi kwenye kochi.

Gemu yenyewe iko hivi. Ukiingia unaulizwa swali moja, wewe ni mtazamaji au mchezaji? Mtazamaji analipia kuangalia. Mchezaji analipwa kufanya. Watazamaji ndo wanatunga chalenji, ukifanya hela inaingia kwenye akaunti yako hapohapo na chalenji inayofuata inakuwa kubwa kuliko iliyopita. Masharti ni kwamba lazima urekodi kwa simu yako mwenyewe, ukishindwa au ukikimbia umetoka, na jambo la tatu, hakuna kusema. Ukienda kusema kwa polisi au kwa mtu yeyote utajua mwenyewe watakachokufanya. Basi. Mchezo wa kitoto ule wa kuambiana fanya hiki tuone, ila jiji zima linaangalia na kuna hela.

Chalenji ya kwanza ya Vee ni dola 100, ambusu mtu asiyemjua kwa sekunde tano. Wako mgahawani, anamuona kijana kakaa peke yake anasoma kitabu cha Virginia Woolf, na hicho kitabu ndo Vee anakipenda kuliko vyote duniani. Anaona hii bahati, anaenda, anambusu, kijana anaitwa Ian, kaigiza Dave Franco, na muda si mrefu Ian anasimama anaanza kumuimbia katikati ya mgahawa watu wote wanashangaa, sini tamu kweli mpaka mi nilitabasamu. Alafu unakuja kugundua kumbe na Ian ni mchezaji, kile kitabu aliambiwa akishike. Gemu ilikuwa ishapitia taarifa za Vee zote tangu dakika aliyojisajili, inajua anapenda nini, anasoma nini, ana rafiki gani. Bahati haikuwepo. Hiki kitu kimepita haraka kwenye muvi, hawakikazii, ila mi kiliniingia sana, kwasababu na sisi kila siku unaongea kitu na mtu, kesho unakuta tangazo lake kwenye simu unasema eh, imejuaje hii? Tunashangaa dakika moja tunaendelea kuskroli.

Kuanzia hapo wanapanda pikipiki kwenda Manhattan na muvi inakimbia haipumui. Wanaingia Bergdorf Goodman, duka la watu wenye hela kweli kweli, chalenji ni kujaribu nguo za bei mbaya, wanavyotoka kubadilisha wanakuta nguo walizokuja nazo hazipo, na chalenji mpya inaingia, tokeni nje hivyohivyo mlivyo. Wanakimbia na nguo za ndani wanacheka. Alafu Vee anachorwa tatuu. Mpaka hapo ni raha tupu, na nadhani waongozaji wamefanya makusudi, wamekupa nusu saa nzima ya kufurahi ili na wewe uwe unasubiri chalenji ijayo kwa hamu, usijitenge na wale watu wa kwenye muvi wanaobonyeza simu. Mimi nilikuwa nasubiri. Mpwa wangu alikuwa ameshaweka simu chini kabisa.

Alafu inakuja ile ya pikipiki. Ian afungwe kitambaa machoni, aendeshe mpaka afike maili 60 kwa saa, hiyo ni karibu kilomita 97, katikati ya mitaa ya New York usiku, Vee nyuma yake amshike mabega amuelekeze. Dola elfu 10. Hiyo sini mikono yangu ilitoka jasho sikudanganyi. Na sio kwasababu ya pikipiki peke yake, ni kwasababu mimi nakaa Tabata, naziona pikipiki kila siku, nawajua vijana wa kijiweni wanaoinua tairi la mbele barabarani wakati mwenzao kasimama pembeni na simu anamwambia rudia, haijatoka vizuri. Rudia. Hilo neno ndo nililisikia kichwani wakati Ian anafunga kitambaa.

Na ile ya ngazi. Sydney anapewa chalenji ya kuvuka kutoka jengo moja mpaka jingine juu ya ngazi ya kawaida, hii ya kupandia darini, imelazwa dirisha kwa dirisha ghorofa za juu huko. Anafika kati anashindwa, anarudi, anatoka kwenye gemu, na alivyoshindwa watu wanamcheka wakati dakika moja nyuma walikuwa wanamshangilia. Sydney alikuwa na watazamaji wengi, mwenye kelele, kila mtu anamtaka, alafu unamuona anavyokuwa mdogo ghafla. Baadae Vee wanagombana na Sydney kwenye pati mbele ya watu, hasira zinampanda anaenda kuivuka ile ngazi yeye. Marafiki wawili waliokua pamoja wanapishana juu ya namba ya watazamaji. Hapo sio sayansi ya kubuni tena jamani, hapo ni darasa lolote la sekondari lenye simu.

Sasa kama hujaiangalia na hutaki kujua mwisho ishia hapa ukaitafute kwanza, kuanzia chini natoboa.

Baada ya ngazi Vee anaogopa, anaenda kumwambia polisi. Polisi hamuelewi, anaona mtoto wa shule na mambo ya simu, hamchukulii serious. Na gemu inajua kwamba kasema. Hela za mama yake benki zinapotea zote. Yaani yule mama ambaye usiku wote alikuwa anashangaa hela zinaingia kwenye akaunti hajui zinatoka wapi, sasa anaona zimekwisha. Na hapo ndo tunaambiwa kwenye hii gemu hakuna aina mbili tu za watu, kuna ya tatu, mfungwa. Mfungwa ni mchezaji aliyevunja ile sheria ya kukaa kimya, taarifa zake na za familia yake zote ziko mikononi mwao, na njia ya kutoka ni moja tu, cheza mpaka fainali ushinde. Ian ni mfungwa. Alishamuona rafiki yake anakufa kwenye hii gemu Seattle, akasema, ikawa hivyo. Na kuna mwingine Ty, kaigiza Machine Gun Kelly yule mwanamuziki, huyu tulimuona kalala kwenye reli treni inapita juu yake, mi nilidhani ni kichaa tu wa kwenye muvi, kumbe na yeye yumo kwenye kifungo kilekile.

Swali ambalo mtu yeyote anajiuliza ni kwanini wasiizime hiyo gemu. Jibu lao ni zuri sana na ndo linaloifanya muvi iwe ya kutisha kwangu mimi. Haina ofisi. Haina mwenye nayo unayeweza kwenda kumkamata, wala hakuna sava moja, ile kompyuta kubwa inayoendesha gemu, mahali uende ukachomoe waya. Kila simu na kila kompyuta ya mtazamaji ndo kipande cha sava, ukiingia kuangalia umeshaibeba, na kadri wanavyoongezeka watazamaji ndivyo inavyokuwa na nguvu. Kwaiyo kwa lugha ya kiufundi kabisa, mtazamaji ndo gemu. Usimtafute bosi mwenye suti kwenye chumba chenye skrini 50 kama muvi zingine, hayupo. Kuna watoto wamelala vitandani mwao, kuna watu wako baa, kuna wafanyakazi wako kazini, kila mtu anaangalia kidogo tu.

Hapa nitatoka nje ya muvi kidogo mnivumilie. Mwaka jana nilikuwa natoka kazini, karibu na nyumbani bodaboda ikadondoka, abiria mama mtu mzima, kaumia mguu vibaya. Nilipofika kulikuwa na watu kama 20 na nusu yao simu ziko juu. Mimi pia nilitoa simu. Nilirekodi labda sekunde 15, sijui kwanini, sikuwa na mpango wa kuituma popote, mkono ulienda wenyewe. Kijana mmoja muuza maji ndo aliyeacha maji yake pale chini akainama akamshika yule mama kichwa akawa anaongea nae, "mama tulia, mama usilale", mpaka bajaji ikapatikana. Niliweka simu mfukoni nikasaidia kumbeba lakini ile video nilibaki nayo, sikuifuta, na wakati naangalia Nerve, ile sini ya fainali, nilikuwa naiona ile video.

Fainali ni ngome ya zamani iliyoko ufukweni huko huko Staten Island, Battery Weed, imejaa watu wamevaa vinyago, kila mtu simu juu, hakuna uso hata mmoja unaouona, ni taa za simu tu zinazokuangalia kutoka juu pande zote. Bastola zinaletwa. Inafika mahali Ty kamnyooshea Vee bastola na gemu inawauliza watazamaji wapige kura, ampige au asimpige? Na wanapiga kura. Kutoka nyumbani. Kwa kidole. Na wengi wanasema ndio. Sauti zilizimika sebuleni kwangu. Mpwa wangu kaweka mto mdomoni. Risasi inalia, Vee anadondoka.

Alafu inakuja sekunde ambayo kwangu ndo muvi nzima. Tommy, rafiki yake Vee ambaye muda wote anampenda kimya kimya na hataki acheze, pamoja na dada mmoja mdukuzi wameingia kwenye mfumo wa gemu, na kila mtazamaji simu yake inaandika jina lake la ukweli, sio lile la kujificha, na chini inamwambia wewe umeshiriki mauaji. Basi. Kamera inakupeleka kwa mtu mmoja mmoja, unamuona anavyoduwaa, anavyotoka haraka haraka. Na kwa sababu mtazamaji ndo sava, wakitoka wote gemu inakufa yenyewe. Vee anainuka, walikuwa wamepanga na Ty. Hawakuwahukumu wale watu kwa chochote kingine, waliwaita tu kwa majina yao.

Niseme na mabaya kwasababu yapo. Huo mwisho umekuwa mwepesi mno. Hao watu wamepiga kura mtoto auawe, alafu ndani ya sekunde chache wote wanaona aibu wanatoka? Mimi sidhani. Najua watu wa mtandaoni, wengine wangechukua picha ya ile meseji wakaipost. Maovu ya saa moja na nusu yanafutwa na meseji moja, miezi inapita, Vee na Sydney wamepatana, Ian anamwambia jina lake halisi ni Sam, wanabusiana, taa zinawaka. Nilitaka walau dakika tano za kuona yule mtu aliyebonyeza ndio anaamkaje kesho yake, anakunywaje chai, anamwambia nini mke wake. Hapo walikuwa na dhahabu wakaiacha. Mama yake Vee pia wamemtumia vibaya, kaigiza Juliette Lewis ambaye ni mwigizaji mkubwa tu, lakini kapewa kazi ya kushangaa simu na kuendesha gari. Mzazi aliyezika mtoto mmoja na sasa anamuona wa pili kwenye skrini anatembea juu ya ngazi, hiyo peke yake ingetosha muvi nyingine. Na umri, Emma Roberts alikuwa katikati ya ishirini na Dave Franco anakaribia 30 wakati wanarekodi, kuna sehemu unasahau kabisa kwamba hawa ni watoto wa shule, na hiyo inapunguza uzito kwasababu hatari yote ya hii stori ni kwamba ni watoto.

Ila kwa macho muvi ni nzuri jamani. Usiku wa New York umepakwa rangi za pinki na buluu na zambarau, muziki unadunda, pikipiki inapita kwenye taa, unaelewa kabisa kwanini mtoto wa Staten Island aliyezoea kukaa chumbani angechagua ule usiku. Muvi mbovu za kuonya watu zinaanza na kukuonyesha kitu ni kibaya. Hii inaanza na kukuonyesha kwamba ni kitamu. Haikuwa muvi ya hela nyingi kwa viwango vya kule, bajeti kama dola milioni 20, ikaingiza zaidi ya milioni 80 duniani, na kwa hela hiyo walichokifanya na jiji zima usiku ni kazi kubwa.

Na angalia tarehe. Julai 2016 ndo mwezi uleule Pokémon Go, ile gemu ya simu, ilitoka na watu wakawa wanatembea barabarani wanaangalia simu wanagongwa na milango. TikTok ilikuwa bado haijatokea. Leo ukifungua laivu yoyote usiku unakuta mtu kakaa mbele ya simu, watu wanamuandikia fanya hivi, cheza, jimwagie maji, kula pilipili, na yeye anasubiri gifti, zile zawadi za kwenye skrini watazamaji wanazonunua kwa hela, waridi moja, mawaridi kumi, simba. Mtazamaji analipa, mchezaji anafanya, anayelipa zaidi ndo anasikilizwa zaidi. Sisemi kila laivu ni mbaya, nina ndugu anauza mitumba laivu na inamlipia ada ya mtoto, na akiimba watu wanamtumia gifti kwa upendo kabisa. Nasema ule mpangilio waliouandika kama kitu cha kutisha cha baadae, mpwa wangu anauona wa kawaida. Aliniambia "anko mbona hii kama laivu tu ila wao hela inaingia haraka".

Kuna watu wataikumbuka Blue Whale nikisema haya. Mwaka huohuo wa 2016 gazeti la Urusi Novaya Gazeta liliandika kuhusu magrupu ya mtandaoni yanayowashika vijana wenye huzuni, ikaja kuvuma kama gemu ya siku 50, kila siku kazi mpya unapewa na mtu usiyemjua. 2017 ikafika kwetu, Kenya bodi yao ya filamu, KFCB, wakati ule iko chini ya Ezekiel Mutua, ikatangaza kuipiga marufuku, na huku Bongo meseji zilitembea kwenye magrupu ya wazazi kila siku. Waliokuja kuchunguza waliona mengi yaliyosambaa hayana ushahidi, zile idadi za vifo zilikuwa zinarushwa tu, ingawa Urusi kuna mtu alifungwa kweli mwaka huo kwa kuwachochea watoto wajidhuru. Nakumbuka ile hofu vizuri, dada yangu alimnyang'anya mtoto simu wiki nzima. Tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja mbaya kajificha Urusi huko mwenye uwezo wa kuingia kwenye kichwa cha mtoto kupitia simu. Ukimuuliza mtoto mwenyewe nani anamfanya asilale, atakwambia ni wale wale wa darasani kwake, wanaoangalia stetasi yake na kukaa kimya, au wanaocheka. Nerve imeliona hilo mapema, na kwa hilo naiheshimu sana kuliko muvi nyingi zenye majina makubwa kuipita.

Kwa mzazi au mlezi anayeuliza kama mtoto aangalie, kule Marekani waliipa PG-13, yaani mzazi awe makini na mtoto wa chini ya miaka 13. Kuna lugha chafu kiasi, kuna kile kipande cha nguo za ndani, pombe kwenye pati, hakuna damu za kutapakaa. Mi naona kuanzia miaka 14 sawa, ila usimuache aangalie peke yake chumbani, kaa nae. Na usiwe unahubiri katikati. Nilijaribu kuanza kuhubiri kwenye ile sini ya pikipiki nikaambiwa "anko shhh", na alikuwa na haki, kwasababu muvi ilikuwa inaongea vizuri kuliko mimi. Maongezi yalikuja yenyewe baada ya kuisha, tv imezimwa, tumekaa gizani. Akaniambia shuleni kwao kuna msichana alirekodiwa analia chooni, video ikazunguka kidato cha pili chote. Nikamuuliza wewe uliiangalia? Akasema ndio. Nikamuuliza ulifanya nini? Akasema "sikufanya kitu anko, niliangalia tu". Akanyamaza muda mrefu alafu akasema jina la yule msichana, jina lake kamili, kama vile anajikumbusha. Mi nikamwambia ya bodaboda. Nikatoa simu nikamuonyesha nafuta ile video, tukaenda kulala.

Kwa maksi naipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa ule mwisho na kwa mama. Ukiipata iangalie usiku, volumu juu, ukifika kwenye ngazi usiskip hata kama miguu inakusisimka. Jumamosi dada anakuja kumchukua mwanae, tumekubaliana tuiangalie tena watatu, mpwa wangu kasema anataka akae karibu na mama yake ile sehemu ya kura ikifika, kuna kitu anataka kumwambia.